Ufa Ubavuni mwa Jiko

Wiki hiyo nzima mafundi wa mtaa wa Huruma, Eldoret, walikuwa wakimtania Gathogo. Jumamosi alikuwa afunge ndoa na Lynette, na mwanamume akioa watu husema amepata jiko. Sasa yeye kazi yake ni kutengeneza majiko. Utani ukawa mtamu mara mbili. Walimwuliza kama alishindwa kujichomelea moja, na kama hilo analoleta ni la makaa au la kuni. Gathogo alicheka nao mpaka akachoka kucheka, lakini moyoni alikuwa na furaha kubwa, furaha ya mtu aliyengoja sana. Alimpenda Lynette mpaka wakati mwingine akaogopa.

Lynette aliuza mikate. Alioka kwa oveni ya kuazima, akipewa siku mwenye nayo akipenda, na ndoto yake ilikuwa jiko lake mwenyewe, lile la kizamani la chuma linalotumia kuni, lenye oveni pembeni na bomba la moshi. Majiko hayo hayapatikani dukani siku hizi. Hutoka kwenye nyumba za mashamba makubwa ya zamani, na aliye nalo huwa haliachi.

Ndiyo maana Oluoch alipomwambia amempatia moja, Gathogo aliweka nyundo chini.

Oluoch ndiye aliyekuwa mwenzake wa karakana, na ndiye angemsimamia siku ya harusi. Walikuwa wamefanya kazi chini ya mabati hayohayo tangu wote wawili wakiwa hawajui kushika koleo. Siku hizi alikuwa amekonda. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni, akasema ni vidonda vya tumbo. Mwanamke aliyekaa naye kwanza alikuwa amefariki, na aliyemfuata, Janice, alikuwa amemwacha miezi michache nyuma na kurudi kwao akiwa na bendeji mikononi, na Oluoch hakutaka kuulizwa habari hiyo. Gathogo hakumwuliza.

"Hiyo ndiyo zawadi yangu ya harusi," Oluoch alisema. "Iko Moi's Bridge, kwa Mzee Murunga. Mambo yote nimemaliza. Wewe enda tu uikague, ukiridhika uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Akaongeza jambo moja, akiwa ameinama akifunga kamba za viatu. Mzee yule Kiswahili chake ni cha kuvunjika, anachanganya mambo. Gathogo asije akamrekebisha mbele ya watu, maana mzee ana hasira za karibu. Amfuate tu vile anavyoongea.

Gathogo akamshukuru mpaka akamkumbatia. Oluoch alisimama kama mti.

Siku hiyohiyo, alasiri, Kiprop mwenye pikapu alikuwa anakwenda Moi's Bridge kuchukua mahindi. Akamchukua Gathogo, akamshusha kwenye lango la Mzee Murunga na kumwambia atampitia akishapakia magunia. Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya mashamba, na baridi ya huko ilikuwa tayari imeingia kwenye nyasi.

Ndani ya boma kulikuwa na watu. Wazee wanne watano kwenye benchi, akina mama wamekaa kwenye mkeka, wote wamevaa nguo za kutokea. Walinyamaza alipoingia. Gathogo akadhani amevamia mkutano wa maombi, akataka kusimama kando. Lakini Mzee Murunga, mtu mrefu mwenye koti la suti lililopauka, akainuka na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Umekuja."

"Nimekuja, Mzee. Kukagua jiko."

Mama mmoja kwenye mkeka alishusha pumzi. Mzee akaelekeza kidole kwenye jiko la nje, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba.

"Ako huko ndani," akasema. "Anakungoja."

Basi Gathogo akakumbuka maneno ya Oluoch, akatabasamu moyoni. Huku kwetu bara ngeli huwekwa popote zinapoangukia. Yeye mwenyewe husema *hiyo jiko*, na mwalimu wake wa Kiswahili alishakata tamaa naye zamani. Kama mzee anasema *ako*, aseme.

Kibandani mlikuwa na giza na usafi wa kupita kiasi. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya. Jiko lilisimama katikati, jeusi, pana, miguu minne iliyopinda, na juu yake walikuwa wameweka kitambaa cheupe cha kufuma. Gathogo alikitoa na kukikunja vizuri. Lilikuwa jiko zuri. Aliwaza uso wa Lynette atakapoliona, akaanza kazi huku anapiga mluzi.

Jiko kuukuu hukaguliwa kwa utaratibu. Alitazama miguu kwanza, halafu bamba la juu kama limepinda kwa joto. Akafungua mlango wa moto, akapapasa matofali ya ndani, moja lilikuwa limevunjika kona. Wavu wa majivu ulikuwa mzima. Kutu ilikuwa kidogo, ya kusugua tu. Halafu akatoa nyundo yake ndogo na kuanza kugonga chuma polepole, sikio karibu, kwa sababu chuma kizima huitika na chuma kilichopasuka hunyamaza.

Ting. Ting. Ting.

Alipofika ubavu wa kushoto, sauti ikabadilika.

Tup.

Akapapasa, akaupata ufa. Ulikuwa mrefu kama kiganja, umejificha chini ya masizi. Akagonga tena kando yake ajue umefika wapi.

Tup.

Kisha akaweka nyundo mfukoni ili atoe kipande cha karatasi.

Tup...

Gathogo aligeuka. Hakukuwa na mtu mlangoni. Akajiambia ni chuma kinapoa, ingawa jiko halikuwa limewashwa, akaendelea. Karatasi ni ya kujaribu mlango. Unaibana kwenye mlango wa moto, unaufunga, halafu unaivuta. Ikitoka kwa shida, mlango unaziba vizuri. Ikiteleza, moshi utatoka. Alijaribu juu, ikashika. Akajaribu pembeni, ikashika. Akaibana chini, akafunga, akaikamata ncha kwa vidole viwili.

Karatasi ikavutwa.

Si yeye aliyeivuta. Iliingia ndani taratibu, ikamtoka vidoleni, ikaishia humo.

Alikaa pale amechuchumaa akisikia moyo wake. Panya, akajiambia. Panya wanapenda majiko yasiyowashwa. Alifungua mlango, akachungulia. Hakuna panya, na karatasi hakuiona. Kulikuwa na harufu tu. Si ya moshi. Ilikuwa harufu ya sabuni ya kipande na nywele zilizochomwa kwa kitana cha moto, harufu ya mwanamke anayejiandaa kutoka.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Lakini Gathogo alikuwa fundi, na fundi haachi kazi katikati, tena hii ilikuwa kazi ya Lynette. Lilibaki jaribio moja. Aliwasha tochi ya simu, akaiweka ndani ya chumba cha moto, akafunga mlango wa jiko, akafunga na mlango wa kibanda. Gizani, mwanga utakaopenya ndio utakaomwonyesha kila tundu.

Mwanga ulipenya sehemu moja tu. Ubavuni. Uzi mwembamba, mweupe, ulionyooka.

Ukazimika.

Ukawaka tena.

Ukazimika... Hapo akaelewa kwamba tochi haikuwa inazimika. Kuna kitu ndani kilikuwa kinapita mbele yake, kinarudi, kinapita, kama mtu anayezunguka chumbani akitafuta kitu.

Simu ikaanza kulia humo ndani. Aliujua mlio huo, ni ule aliomwekea Lynette peke yake. Akaurukia mlango wa jiko, akavuta mpini. Ulikataa. Akavuta kwa mikono miwili, mguu ukiwa kwenye chuma. Ukakataa. Mlio ukakatika ghafla, na katika ule ukimya akasikia kama sauti ya chini, ya kike, ikisema maneno machache. Akafikiri ni Lynette anasikika kupitia simu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Simu ilikuwa na joto.

Alitoka nje haraka kuliko alivyoingia, jasho likimtoka katika baridi ile. Alitaka kitu kimoja tu, amalize aondoke. Lakini wale watu walikuwa wamesimama wote, wamepanga nusu duara, na Mzee Murunga akiwa mbele yao, kofia mkononi.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mzee," Gathogo akajibu, akimfuata vile anavyoongea, kama alivyoagizwa.

"Ako na kasoro?"

"Kubwa ni moja tu. Hapo kwa ubavu, upande wa kushoto. Kuna ufa."

Watu wakatazamana. Mzee akasogea karibu, na sauti yake ikashuka.

"Hiyo ufa ni ya nini?"

Hapa Gathogo akapata nguvu kidogo, maana swali lilikuwa la kazi. "Si ya moto," akasema. "Ya moto inaanzia kwa mlango na inatembea ikiyumbayumba. Hii imenyooka, na hapo katikati kumebonyea. Ni ya kugongwa. Kuna mtu alimgonga na kitu kizito."

Mama mmoja alijiziba mdomo kwa leso. Mzee Murunga alitazama chini, na alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Tulikuwa tunajua," akasema. "Lakini hakuna mtu alikuwa ametuambia. Na hata hivyo unamkubali?"

Gathogo alisikia honi ya Kiprop barabarani. Alitaka kuondoka pale.

"Nimemkubali, Mzee. Hiyo ufa nitaiziba. Tutakaa tu sawa."

Kikapigwa kigelegele kimoja, chembamba, kisicho na furaha ndani yake. Yule mama mwenye leso akaja, akamshika mikono yote miwili, akamwomba kwa kunong'ona.

"Usimpige. Tafadhali, baba. Huyu aliletwa hapa usiku, amefungwa kwa blanketi, na aliyemleta hakushuka kwa gari."

Juu ya bega la huyo mama, nyuma ya kibanda, Gathogo akaona msalaba wa mbao. Udongo chini yake ulikuwa umeshaanza kuota nyasi. Msalaba uliandikwa kwa rangi nyeupe jina moja alilolijua kutoka kwa Oluoch, Maximilla.

Akauliza ni kaburi la nani, ingawa alishajua. Wakamwambia, kwa upole, wakidhani amepitiwa na uchungu. Mtoto wao alikaa na Oluoch Eldoret bila kuolewa, akafa, akazikwa bila mahari na bila bwana. Jiko lile baba yake alikuwa amelinunua mapema, aende nalo kwake siku ya harusi. Tangu azikwe hakutulia, wala hakuwaacha watulie. Desturi yao ilitaka mwanamume asimame pale, amkague, ataje kasoro yake, amkubali nayo. Oluoch aliogopa kuja. Lakini kwa hilo walau alifanya uungwana, walisema, akawatafutia rafiki yake aliyekubali kwa hiari, mtu anayejua kila kitu.

"Mimi nilikuja kwa jiko," Gathogo akasema. "Jiko la kupika. Mimi naoa Jumamosi."

Mzee Murunga akamtazama. Polepole uso wake ukabadilika, na Gathogo akaona kwamba mzee naye alikuwa ametapeliwa. Haikusaidia kitu.

"Tulikuuliza," mzee akanong'ona. "Kijana wangu, tulikuuliza mara ngapi?"

Gathogo alikimbia. Nyuma yake alimsikia mzee akisema, kwa huruma kabisa, kwamba asisumbuke kumbeba. *Ataletwa.*

Ndani ya pikapu hakumwambia Kiprop lolote. Alitazama simu. Lynette alikuwa amepiga, na simu ilikuwa imepokelewa. Akampigia. Hakushika. Akampigia tena na tena mpaka wakafika Eldoret, taa za barabarani zikianza kuwaka, na mara zote hakushika.

Alishukia karakana. Oluoch alikuwa peke yake, amekaa juu ya ndoo, mbele yake sinia la ugali na samaki. Alikuwa anakula kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kidevu, na hakuacha kutafuna.

"Haina majivu," alisema alipomwona. "Gathogo, haina majivu. Tangu afe kila kitu nakula ni majivu. Nilijua umesema umemkubali, kwa sababu chai ilikuwa mdomoni na ikabadilika."

Gathogo alikuwa amekuja na nyundo mkononi, lakini aliposikia hivyo akaishusha. Alitarajia rafiki yake abishe. Aseme hajui, aseme ni utani. Badala yake yule mtu alikuwa anamhadithia raha yake, kama mtu anayetaka mwenzake afurahi naye. Kilichomuuma Gathogo zaidi ni hicho.

"Kwa nini mimi?"

Oluoch akameza. Kwa mara ya kwanza akaona haya.

"Kwa sababu wewe ukikubali kazi huwezi rudisha. Mwingine angemrudisha."

Gathogo akakumbuka mikono ya Janice. Akauliza. Oluoch akasema hakukuwa na moto siku hiyo, Janice alikuwa anakunja nguo tu. Mikono ya sweta ilianza kufuka yenyewe. Maximilla hataki mwanamke mwingine nyumbani kwake, hilo ndilo jambo lake moja, lakini kwa bwana aliyemkubali ni mpole. Alisema hivyo kama anamfariji.

"Na ule ufa? Wewe ndiye ulimgonga?"

Oluoch aliinama kwenye sinia. Akachambua mwiba, akauweka kando kwa uangalifu, akaendelea kula.

Chumba cha Lynette hakikuwa mbali. Gathogo alipita uchochoroni akipanga maneno. Angemweleza yote. Lynette alimjua, na yeye Gathogo hakuwa amewahi kumdanganya hata siku moja. Wangehama, wangeenda Sugoi kwa shangazi yake, wangeombewa. Alibisha mlango.

Lynette alifungua akiwa amevaa sweta la bluu, macho yamevimba. Nyuma yake gauni la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani kwenye nailoni yake.

"Mwanamke alishika simu yako," alisema. Hakupaza sauti. "Nikamwuliza ni nani. Akaniambia, pole dada, huyu ameshapata jiko."

"Lynette..."

"Nimelia, nimemaliza. Halafu nikajiambia, Gathogo namjua. Pengine ni mtu wa kucheza na simu." Alimtazama usoni, na matumaini yaliyokuwa machoni mwake yalimchoma Gathogo kuliko hasira ambayo angeitarajia. "Niambie tu hakuna mwingine. Ukisema, nitaamini. Sitauliza tena."

Akanyoosha mkono amguse shavu.

Gathogo akasikia ile harufu. Sabuni ya kipande, na nywele zilizochomwa. Akaangalia mkono uliokuwa unamjia. Kwenye ncha ya sweta la bluu uzi mmoja ulikuwa umeanza kujikunja, ukageuka kahawia, ukatoa moshi mwembamba. Lynette hakuwa ameuona bado. Alikuwa anamtazama yeye.

Aliruka nyuma, akauepusha uso wake na mkono wa Lynette. Uzi ukaacha kufuka.

"Yuko," akasema.

"Nini?"

"Mwingine. Yuko. Nimemkubali mbele ya watu wa kwao."

Lynette hakulia. Alibaki amesimama, mkono ungali hewani, halafu akaushusha na kufunga mlango polepole, kwa adabu, kama anavyofungiwa mgeni aliyekosea nyumba. Kufuli ya ndani ikalia. Gathogo alisimama pale mpaka jirani mmoja alipotoka na beseni akamwuliza kama kuna mtu anamtafuta, akasema hapana.

Chumbani kwake alifungua kufuli aliyoifunga mwenyewe mchana. Lile jiko, ambalo wanaume wanne wangelibeba kwa shida, lilikuwa limesimama ukutani mahali alipokuwa amepapima kwa ajili ya Lynette, miguu yake minne imekaa sawasawa. Halikuwa na bomba la moshi, na chumbani hamkuwa na moshi. Ubavuni mwake wekundu wa makaa ulionekana kwenye ufa. Meza ilikuwa imefutwa. Juu yake kulikuwa na githeri, chakula cha kwao cha mahindi na maharagwe, imepikwa na viazi kama alivyopenda, na sahani mbili zimepakuliwa.

Alifikiria kurudi nje. Lakini mtu hawezi kukaa mlangoni mpaka kuche, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda, wala rafiki wa kumpigia. Akanawa mikono. Akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaketi, akainamisha kichwa kama anayeomba.

Upande wa pili wa meza, kijiko kikaanza kugonga sahani, taratibu.